Mipira ya Pijo la Hezekia

Jumatatu, 7 Julai

Paschal, koma! Fundi rangi wa juzi unifundishe mimi gari nililopanda mama yako hajaota meno! Nilimwita atazame, hakuitwa kuhubiri.

Nilimwonyesha mipira tu. Ile inayozunguka vioo, ile ya kwenye milango, na ule mkanda mrefu wa ubavuni. Zamani ilikuwa myeusi tii. Sasa imepauka kama miguu ya mtoto asiyepakwa mafuta. Paschal akasema mpira si bati. Mpira unajikunja na kuvutika, ukiupaka rangi ya geti itapasuka. Eti uoshwe kwa sabuni mpaka mafuta yote yatoke, usuguliwe kwa msasa laini, ndipo upakwe rangi yake maalumu inayonyumbuka nao. Na mipira ya milango isiguswe kabisa! Rangi yenyewe aiagize Singida mjini, ifike wiki ijayo.

Wiki ijayo! Shukuru mjukuu wangu anaolewa Jumamosi hii. Nikamwambia aende salama.

Gari la kumpeleka kanisani ni hili Pijo la marehemu mume wangu Hezekia, babu yake. Mwanangu Naftali ndiye dereva. Lakini wifi yangu Emiliana amesimama kwenye kikao na kusema bibi harusi hapandi kitu kilichopauka, atapanda gari jeupe la mwanawe Fredrick. Miaka arobaini na minane mwanamke huyu ananitafuta! Shukuru akaamua: la babu likipendeza kufikia Ijumaa, atapanda la babu. Lisipopendeza, la Fredrick.

Litapendeza.

Jumanne, 8 Julai

Nimemkumbuka Hezekia tangu asubuhi. Pijo alilinunua mwaka ule alizeti ilipokubali, na Iguguno nzima ikatoka barabarani kulipokea. Yeye ndani, amevaa koti, jasho linamtiririka, hataki kulivua.

Kila Jumamosi asubuhi alichovya kitambaa kwenye mafuta ya alizeti, akapangusa mipira mmoja mmoja, akiimba pambio puani. Mimi niko kibarazani napeta mlenda mkavu, namgombeza. Mafuta ya mboga yananywewa na gari! Yeye anacheka tu, anachovya tena. Leo ningempa debe zima.

Basi nimewaza. Paschal anasema toa mafuta. Hezekia alitia mafuta. Kati yao nani alikuwa na gari? Nimepaka alizeti mpya, imekamuliwa wiki iliyopita. Iling'aa, jamani! Iling'aa mpaka saa sita, upepo wa Julai ulipoamka. Sasa mipira yote ina rangi ya barabara.

Jumatano, 9 Julai

Kopo la rangi nyeusi lilibaki tulipopaka nondo za madirisha. Nimelikoroga. Nimepangusa vumbi, mafuta nikayaacha yalishe mpira, rangi nikaipaka juu yake. Vioo, mkanda, milango yote minne. Milango nimeipaka mara mbili kwa sababu Paschal aliikataza.

Emiliana amepita. Akasema gari linanuka kama geti jipya. Nikamjibu kwa Kinyiramba, maana Kiswahili hakinitoshi kwa mtu kama yule.

Alhamisi, 10 Julai

Haijakauka. Jogoo ameruka juu ya gari, ameacha nyayo nyeusi kwenye boneti na manyoya matatu kwenye mpira wa kioo. Nimeyang'oa. Mawili yametoka.

Milango imeganda. Naftali akavuta mmoja, mguu ameukaza ubavuni mwa gari, ukafunguka kwa sauti ya shuka inayochanwa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamuuliza kama ana adabu.

Mchana Shukuru akaja, akaketi kiti cha nyuma peke yake. Pale ndipo alipozaliwa. Mama yake alishikwa na uchungu, tukaanza safari ya hospitali, mtoto hakusubiri. Hezekia alisimamisha gari, akageukia mashamba, akaimba kwa nguvu ili asisikie. Alipoambiwa ni msichana, alivua lile koti lake, akalitoa mtoto afunikwe. Koti ambalo hata mimi nilikuwa silishiki!

Shukuru akasema bado anasikia harufu ya babu. Nikamwambia hiyo ni rangi. Akasema hapana, chini ya rangi. Nikaenda kuangalia ugali. Ugali ulikuwa bado haujasongwa.

Ijumaa, 11 Julai

Imekauka! Juu, angalau. Imefanya utando kama wa maziwa. Nimemsimamisha Shukuru kwenye mti wa uzio, mbali kidogo, jua likiwa nyuma yake. Akasema, "Bibi, linapendeza." Emiliana akataka kusogea kugusa. Nikamwambia ana mikono ya kuharibu.

Shukuru atapanda la babu. Nimeshinda! Nimemwambia Hezekia pia, pale alipolala.

Jumamosi, 12 Julai

Tumefika kanisani. Naftali akafungua mlango, wenyewe ukafunguka vizuri. Shukuru akashuka akijisugua mlangoni kidogo tu. Kidogo! Gauni jeupe, na mstari mweusi kutoka kiunoni mpaka gotini, na vipande vya rangi vimening'inia kama maganda ya kitunguu.

Emiliana akavuta pumzi ya kuanzia hotuba.

Sikumpa nafasi. Nilikuwa nimevaa vitenge viwili. Nikafungua cha juu, nikamfunga mjukuu wangu kiunoni, nikatangaza kwa sauti kwamba ndivyo bibi anavyomkabidhi mjukuu mlangoni mwa kanisa, tangu enzi. Hakuna desturi hiyo. Nimeitunga nikiwa nafunga fundo.

Shukuru akaninong'oneza, "Bibi, umenipaka rangi." Nikamwambia atembee. Akaanza kucheka, akaingia kanisani anacheka, vigelegele vikampokea. Anacheka kama babu yake, mabega yanatangulia. Ilinibidi nishike bampa.

Na Emiliana? Aliwaambia watu anaikumbuka vizuri desturi hiyo, hata mama yao, yeye na Hezekia, aliifanya!

Jumapili, 13 Julai

Paschal amekuja bila kuitwa. Ameshika kona moja ya rangi, akavuta, ikatoka kipande kirefu kama ngozi ya nyoka. Anasema kubandua kutachukua siku mbili. Anasema kosa ni mafuta, kosa ni rangi ya geti, kosa ni kugusa milango. Nikamuuliza kama bibi harusi alifika kanisani au hakufika. Akakubali alifika. Kwa gari gani? Akakubali tena, ni hili.

Basi rangi haina kosa. Alizeti ndiyo ilikuwa kidogo, haikunywewa mpaka ndani. Hezekia hakuwa mchoyo wa mafuta, mimi nilikuwa.

Halafu jana kanisani nililitazama vizuri lile gari la Fredrick. Mipira ya vioo imeanza kupauka, na binti yake Rahabu anaolewa Agosti.

Naftali, funika hilo kopo lisikauke. Kisha nenda kamwambie Fredrick alete gari hapa Jumanne asubuhi, na ndoo ya alizeti, ijae.