Hotuba ya Kuzindua Mpango wa Kipindi Kimoja cha Seli na Nishati

Mwalimu Mkuu wa sekondari hii, mama yetu mchapakazi. Naibu Mwalimu Mkuu. Kaimu wa Naibu huyo, ambaye anakaimu ingawa Naibu mwenyewe namwona amekaa pale. Mwenyekiti wa Wazazi, pamoja na wenyeviti wastaafu waliokataa kustaafu. Mwalimu wa Biolojia. Fundi wa vipaza sauti, ambaye namwomba kwa unyenyekevu aunyamazishe huo mluzi. Wazazi, walezi, ndugu waalikwa na ndugu mliojialika. Dada yangu wa tumbo moja, uliyekaa mstari wa mbele na mwavuli ingawa tumo ndani. Na ninyi wanafunzi wa Kidato cha Nne, mliosimama kwa kuwa viti vyenu tumevikalia sisi: itifaki imezingatiwa. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa taratibu, nitaizingatia tena. Mwalimu Mkuu wa sekondari hii, mama yetu... (Miguno. Sauti ya dada yake: "Kaka, songa mbele!") Naam. Tuseme imezingatiwa mara mbili.

Mimi, kwa wale wachache wasionifahamu, na kwa wale wengi wanaojifanya hawanifahamu, ni Mratibu Mkuu wa Kamati ya Maandalizi ya Mpango wa Kufundisha Seli na Nishati, cheo ambacho hakikuenea kwenye kitambulisho kimoja, ikabidi nipewe viwili. (Anaonyesha vyote viwili. Mwenyekiti wa Wazazi anapiga makofi peke yake, kisha anaacha.) Tumekusanyika katika maabara hii, baada ya miezi kumi na minne ya jasho, mchakato, fremuweki, wokshopu na ushirikishwaji wa wadau katika ngazi zote ikiwemo ngazi ya kuingilia ofisini kwangu, ili kuzindua mpango kabambe, mtambuka, jumuishi na endelevu wa kufundisha kipindi kimoja cha dakika themanini.

Mtakumbuka kwamba siku ile ile kamati ilipoundwa nilitoa Waraka Namba Moja, unaomkataza mwalimu yeyote kufundisha mada ya seli na nishati, iwe kwa chaki, kwa mdomo au kwa ishara za mikono, mpaka nitakapotamka rasmi, mimi mwenyewe, mbele ya hadhira, kwamba mpango umezinduliwa. Wapo waliolalamika. Wapo wanaosema mtihani wa taifa ni kesho saa mbili asubuhi, na kwamba maswali mengi ya Biolojia hutoka hapo hapo, na kwamba watoto hawajafundishwa hata mstari mmoja. Nawajibu kwa utulivu: afadhali mtoto asijue kitu kabisa kuliko akijue nje ya utaratibu. (Mwalimu wa Biolojia amesimama kando ya ubao, chaki mkononi, anautazama mdomo wa Mheshimiwa Mratibu kama mtu anayesubiri chungu kichemke.)

Kwa hiyo, ndugu zangu, sitawachosha. Kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba mpango huu... (Wanafunzi wanafungua madaftari. Mwalimu anainua chaki.) ...una historia ndefu. (Mwalimu anashusha chaki.)

Historia hiyo inaanzia kwa Mwalimu wa Biolojia mwenyewe, kijana mzuri lakini mwenye haraka, ambaye katika kikao cha kwanza alituletea andalio la somo aliloliandika mwenyewe kwa nusu saa, kwenye karatasi moja, upande mmoja. Karatasi moja! Ilikuwa imeandikwa kwamba watoto wataangalia ngozi ya kitunguu kwa hadubini, watachora walichokiona, kisha wataelezwa jinsi seli inavyopata nishati kutoka kwenye chakula. Nikamuuliza, mwanangu, jalada liko wapi? Dibaji iko wapi? Hadidu za rejea ziko wapi? Akasema hakuna. Nikamsamehe hapo hapo, nikamfanya katibu wa kamati, ndiyo maana kwa miezi kumi na minne hamkumwona darasani vipindi vya Jumanne na Alhamisi. (Mwanafunzi: "Na Ijumaa!") Na Ijumaa, nashukuru kwa masahihisho.

Sasa twende kwenye takwimu, maana mimi siongei bila takwimu. Utafiti wetu umebaini kwamba kati ya kila wanafunzi kumi wa shule hii, kumi wana seli. (Makofi ya kusitasita.) Kwa upande wa walimu, takwimu bado zinachakatwa. Asilimia mia moja na nne ya wadau waliohojiwa waliunga mkono nishati, na hiyo nne ya ziada ni mimi, nilijibu zaidi ya mara moja kwa sababu ya uzalendo. Katibu aliniarifu kwamba binadamu wa kawaida ana seli kiasi cha trilioni thelathini, nami, nikizingatia majukumu yangu, nikaelekeza kwamba kwa ngazi ya Mratibu Mkuu iandikwe arobaini. (Sauti kutoka nyuma: "Kumi za ziada ziko tumboni!" Vicheko.) Nimesikia. Nitakujua kwa sauti.

Tuliunda kamati ndogo ya mitokondria. Wengine hapa mnasikia neno hili kwa mara ya kwanza, hasa watahiniwa. Niliambiwa kwamba ndani ya seli kuna vidude hivi vinavyotoa nishati kutoka kwenye chakula, usiku na mchana, bila likizo, bila posho, bila hata kikao kimoja. Nilishtuka jamani! Nikauliza, nani amevipa kibali? Nani anavisimamia? Kamati ndogo ikapendekeza kila mitokondria iwe na msimamizi, na kila msimamizi awe na naibu. Mwalimu akasema ndani ya seli hakuna nafasi. Nikamwambia, nafasi hutafutwa. (Mwalimu anafumba macho.)

Halafu kukawa na suala la majani. Mwalimu alidai kwamba jani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hewa na maji. Mimi si mtu wa kuambiwa, nikaagiza mche mmoja uletwe ofisini kwangu, ukae mezani, uhojiwe. Ulikaa wiki tatu. Mapazia ya ofisi yangu, kwa sababu za hadhi, hayafunguliwi. Mche ukawa wa njano, ukainama, ukakauka, na kwenye kumbukumbu tuliandika kwamba mjumbe ameomba udhuru. Mwalimu akaniambia, Mheshimiwa, umekosa mwanga, ndicho nilichokuwa nakueleza. Nikamwambia asikatize kauli ya kiti. (Vicheko virefu. Mwalimu Mkuu anajifunika uso kwa programu ya sherehe.)

Cheka tu, Mwalimu Mkuu. Na ninyi mnaocheka huko nyuma, mnadhani sijiandai? Leo asubuhi nilifika mapema, nikainamia hadubini ya shule, ambayo niliifunga utepe mwekundu mwaka jana ili isiguswe kabla ya uzinduzi, nikachungulia kwa jicho langu hili hili, nikaiona seli. Ilikuwa nyeusi, ndefu, imejikunja kidogo kwenye ncha. (Mwalimu, kwa sauti ya upole: "Huo ulikuwa ukope wako, Mheshimiwa.") Ukope wangu ni mali ya mradi.

Basi, saa inasoma tisa na robo, na mtunza maabara ananionyesha funguo kwa mbali, kwamba saa kumi na moja anafunga. Sitaki lawama. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa moyo mkunjufu, natamka rasmi kwamba mpango huu ume... (Chumba kizima kinavuta pumzi. Kalamu thelathini na nane zinasimama hewani.) ...umetufunza uvumilivu. (Kalamu zinashuka. Dada yake anasimama na mwavuli: "Kaka! Mama yetu angekuwepo angekuvuta sikio! Mtoto wangu anafanya mtihani kesho!")

Dada, keti. Keti, tafadhali, watu wanatuangalia. Ndugu zangu, huyu ni dada yangu, tumelala kitanda kimoja utotoni, na bintiye ni yule pale, mpwa wangu, aliyesimama kando ya sinki. Mtoto huyu anataka kuwa muuguzi. Chuo kimeshampa nafasi, kwa sharti moja tu, afaulu Biolojia, na akikosa hapo basi, nafasi inakwenda kwa mwingine. Miezi yote hii anakuja kwangu kila Jumapili, hodi Mjomba, shikamoo Mjomba, lini utazindua Mjomba, mpaka mke wangu akaanza kumfungulia yeye na kunifungia mimi. Nampenda mtoto huyu. Niseme wazi, hata mimi usingizi ulinipaa juzi nilipomwona anajisomea kitabu cha jirani kilichochanwa kurasa za seli. Ndiyo maana nimeamua kwamba yeye, na si mwingine, aje apokee kitabu cha mpango kwa niaba ya watahiniwa wote. Njoo, mwanangu. (Makofi. Mpwa anasogea. Anakabidhiwa kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi na maandishi ya dhahabu. Anayumba kidogo kwa uzito wake.)

Kurasa mia nne na kumi na mbili! Fungua, mwanangu, fungua, usiogope. (Mpwa anafungua. Anageuza ukurasa. Anageuza mwingine. Anarukia katikati, kisha mwisho, kisha anarudi mwanzo. Anamtazama Mwalimu wa Biolojia, ambaye kama katibu anajua kilichomo, na ambaye anatikisa kichwa taratibu, chaki ingali mkononi.) Mbona kimya? Umezidiwa na furaha? Waambie wageni wetu, mpango umeuonaje? Usinifiche, kama una kasoro hata moja sitauzindua, nitaurudisha kwenye kamati leo hii hii.

(Mpwa anafunga kitabu kwa mikono miwili na kukibana kifuani. "Hauna kasoro hata moja, Mjomba. Uko kamili. Uzindue tu.")

Mmemsikia! Damu yangu hiyo! Basi, kwa ushuhuda huo wa mtahiniwa, na bila kupoteza muda zaidi ya huu tulioupoteza, natamka rasmi kwamba Mpango wa Kufundisha Seli na Nishati umezinduliwa! (Shangwe. Mwanafunzi mmoja anafunga mlango. Mwalimu wa Biolojia amekwishatoa kitunguu mfukoni na kukimenya, utepe mwekundu umekatwa kwa wembe wa maabara, na wanafunzi wanasogea mbele kwa kuwapita wageni rasmi katikati ya viti.)

Asanteni kwa shangwe. Naona hamasa. Naomba sasa, kabla ya shukrani, tuitikie kaulimbiu yetu, ile niliyoibuni mwenyewe. Nikisema seli, mseme mpango! Seli! (Mwalimu, akichora na kuandika majina ubaoni nyuma yake: "Huu ni nini?" Wanafunzi: "Utando!") Mpango, nimesema mpango. Turudie. Nikisema nishati, mseme kamati! Nishati! (Mwalimu: "Inatoka wapi?" Wanafunzi: "Kwenye glukosi!" Mwalimu: "Ikikutana na?" Wanafunzi, pamoja na dada yake Mheshimiwa: "Oksijeni!") Vizuri, vizuri sana, ingawa haimo kwenye ratiba ya sherehe.

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wajumbe wa kamati kwa vikao thelathini na kimoja, ambavyo katika kila kimoja tulimaliza kikamilifu ajenda ya kwanza, kufungua kikao, na ajenda ya pili, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, ambazo, kwa kuwa kikao kilichopita nacho kilithibitisha kumbukumbu za kikao kilichokitangulia, zilikuwa ndefu na zilihitaji umakini. (Mwenyekiti wa Wazazi, aliyeanza kupiga makofi, anaacha.) Nawashukuru kwa namna ya pekee kwa ajenda ya tatu, yaani kuandika mpango wenyewe, ambayo tuliiahirisha kwa kauli moja, bila mpasuko wala kununiana, mara zote thelathini na moja. Kumbukumbu hizo zote, pamoja na orodha za mahudhurio na saini za wajumbe, ndizo zilizojaza kitabu hiki kizuri. Mpango utaanza kuandikwa mara tu fedha za feizi ya pili...

(Hakuna anayesikiliza. Wazazi wamesimama kwenye viti ili waone. Naibu Mwalimu Mkuu na Kaimu wake wanasukumana kuchungulia hadubini. Dada yake Mheshimiwa ameazima kalamu. Mwalimu ameanza kuchora mitokondria, ameichora nusu, kisha mkono umekwama, kwa kuwa nusu iliyobaki inaangukia mgongoni mwa Mheshimiwa, aliyesimama mbele ya ubao.)

...mara tu fedha za feizi ya pili, nasema, zitakapo... Ndiyo, mwanangu? Umeinua mkono. Mnaona wageni wetu, mtoto ana swali kwa kamati! Uliza, uliza bila woga, Mjomba wako yuko hapa.

("Samahani, Mjomba. Naomba usogee kidogo. Unatuzibia ubao.")

(Anasogea.)