Joto la Chini ya Carama

Fortunat aliiona ile mashine nyuma ya jumba moja la Kinindo, imetupwa kwenye majani. Mwenye jumba wa zamani aliitumia kuvuta joto la ardhini na kupashia bwawa la kuogelea. Fortunat hilo hakulijua, wala hakuuliza. Ana haja gani ya kukijua kitu mtu anayekiuza? Aliona mabomba na maandishi ya Kijerumani, akampa mlinzi bia mbili, akaondoka nayo akiwa injinia.

Uinjinia aliuhitaji haraka. Jumamosi alikuwa anakwenda kumposa Irène, na mzee Adolphe, baba ya binti, alikwisha kuambiwa kuwa mkwe ana kazi kubwa na gari. Kazi ilikuwa imepatikana. Lilibaki gari.

Huko Carama aliishi Léocadie, mtengeneza sabuni, ambaye masika yote alilia kwamba sabuni zake hazikauki. Fortunat alimfikia na shati jeupe.

“Mama, sabuni haitake moto mukali. Inataka joto kidogo, kila siku. Na hilo joto iko hapa chini. We unalala juu yake na unanunua kuni.”

“Chini ya nyumba yangu?”

“Mita chache tu. Ardhi haijue mvua, haijue baridi.”

Maneno hayo aliyasoma kwenye simu njiani. Yalikuwa ya kweli kabisa, na Fortunat aliyatamka kwa ufasaha wa mtu asiyeamini hata moja. Alitumbukiza bomba la mashine katika kisima cha uani kwa mama, akachomeka waya, na ndani ya sanduku la mashine akaficha jerikani ya maji aliyoyachemsha kwake.

Maji ya moto yakatoka kwenye koki. Léocadie akaweka mkono.

“Inatosha, mama, funga.”

“Ngoja kwanza.”

Mama hakufunga. Ndoo ikajaa, ikaja ya pili, na maji yakazidi kuwa moto. Fortunat alijisifu moyoni kwa kununua jerikani nzuri kiasi hicho.

“Mi sina pesa ya kuinunua,” Léocadie alisema. “Niko na gari tu, Corolla.”

“Iko wapi?”

“Ku laini ya esansi, kama za wengine.”

“Inatembea?”

“Jana ilikuwa mbele ya duka ya dawa, leo imefika mbele ya kanisa.”

Fortunat alichukua ufunguo na karatasi za gari, akakimbia kabla jerikani haijaisha.

Kwenye foleni ya mafuta hakuna anayewasha gari. Wote husukuma, waheshimiwa kwa wahuni. Fortunat alisukuma kwa furaha. Lilikuwa jepesi ajabu, naye akadhani ni nguvu za mapenzi. Kufungua boneti hakufungua, kwa kulihurumia shati. Ijumaa akageuka, na nyuma yake nani? Mzee Adolphe mwenyewe, anasukuma Carina yake.

“Mukwe. Ndiyo hii gari?”

“Ndiyo hii, papa.”

Mzee alitabasamu, na safari hiyo wakasaidiana kusukuma.

Lori la mafuta likafika. Fortunat akajaza tangi, akaketi kwa madaha, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Nyuma wakaanza kupiga honi na kumtaja mama yake.

“Fungua boneti,” mzee alisema. “We si ni injinia?”

Akafungua. Injini haikuwamo. Palipopaswa kuwa na injini palikuwa na mbao, na juu ya mbao mche baada ya mche wa sabuni, zimepangwa zikaushwe na bati lililopigwa jua.

Fortunat alimpigia simu Léocadie.

“Mama, umeniibia. Injini iko wapi?”

“Niliiuza zamani, injinia. Uliuliza kama inatembea, haukuuliza inatembeza nini. Ile ilikuwa mashine yangu ya kukausha. Lakini ya kwako inaipita mbali. Huku mvua inanyesha na sabuni zimekauka. Mungu akubariki.”

“Ile mashine ni uongo,” Fortunat alinong'ona. “Haifanye kitu.”

“Njoo ushike maji, basi.”

Simu ikakatika. Mzee Adolphe alikuwa amechukua mche mmoja, akaunusa, akaukwaruza kwa ukucha.

“Imekauka muzuri,” alisema, akamtia mkononi. “Shika. Kesho asubuhi oga, vaa hiyo shati yako, halafu ubakie kwenu.”