Kampeni Yangu ya Kupiga Magoti Chuoni

Jumatatu, 16 Juni 2025. Arua.

Dada Night, Bwana asifiwe. Hujambo huko Lurujo? Mgongo umepoa? Mihogo je, mmeshaanza kuchimba? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Roho ndiyo inasumbuka.

Ulinipa daftari hili ukasema niandike mambo ya chuo kila siku. Kuandika bila mtu wa kumwambia siwezi, naona kama naongea na ukuta. Kwa hiyo naandika kwako. Likijaa nitampa dereva wa teksi ya Koboko.

Unajua shida yangu. Miaka ishirini na mbili nimefundisha darasa la pili. Leo nina arobaini na saba, na wamesema cheti changu cha zamani hakitoshi. Nimerudi dawatini, nakaa na watoto niliowafuta kamasi. Mwalimu mkuu wetu Sebit ameandika barua: nafasi yangu ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo anampa mwenye diploma. Na mimi diploma imebaki somo moja tu! Kufundisha darasa mbele ya mkufunzi, Ijumaa hii. Nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza waliandika kwamba watoto hawakuimba. Mara ya pili, kwamba waliimba tu.

Mkufunzi ni Madam Nora. Ana miaka ishirini na sita. Anavaa suruali. Siongezi neno.

Lakini leo nina hasira nyingine. Jumamosi kulikuwa na mdahalo: je, msichana apige magoti akimsalimu mkubwa? Patricia akasimama. Huyu ndiye kiongozi wa darasa letu, ana miaka ishirini na tatu, analala kitanda cha juu yangu na miguu yake inaning'inia usoni kwangu. Akasema goti ni la kusali na la kutafuta kitu kilichoanguka chini ya meza. Bweni zima likapiga makofi. Mimi niliyekuwa upande wa pili nilipata kura nne, na mmoja alisema alinyoosha mkono akitaka kwenda chooni.

Dunia imepinduka, dada. Leo redioni wamesema mtu anayetaka ubunge alipiga magoti sokoni akiomba kura. Mwanaume mzima, na koti! Walimu wa sekondari nao wamegoma. Mwalimu akigoma, mtoto atajifunza nini? Kugoma. Na hawa wasichana hawawezi kukunja goti kwa mzee.

Nimeamua. Sitabishana tena. Nitaonyesha mfano kwa matendo. Kila mkubwa nitakayekutana naye chuoni, chini! Wataona, wataona haya, watafuata.

Jumanne, 17 Juni.

Nimeanza na mpishi, Mzee Aliga. Nikapiga magoti mlangoni pa jiko, nikamsalimu. Akaacha mwiko ndani ya ugali wa enyasa akanikimbilia. "Mwalimu Jovia, we iko mgonjwa? Ni malaria?" Akanikalisha kwenye gunia la maharage, akanipa uji. Nilipomweleza kwamba ni heshima, alisema heshima kama hiyo nimpe mapema, kabla moto haujawaka.

Halafu mlinzi wa lango. Mzee huyu alikuwa jeshini. Aliniona chini akaruka nyuma akatazama huku na huku. "Mama, simama! Simama! Mutu akipita atasema mimi iko nakupiga."

Mchana, matokeo! Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, Linda, alinifuata akapiga magoti vizuri kabisa, macho chini. Machozi yalinitoka. Nikamwinua kwa mikono yangu. Akasema anaomba pasi yangu ya makaa. Nikampa. Hajairudisha.

Patricia ananiita Mama Magoti. Jioni bweni lote lilikuwa linaniita hivyo. Nimewaombea.

Jumatano, 18 Juni.

Mbinu mpya. Nimepiga mistari kwenye karatasi kubwa, juu nikaandika: Sisi tuliosaini hapa tunaunga mkono wasichana kupiga magoti mbele ya wakubwa. Nikaipitisha darasani wakati wa somo la saikolojia.

Watu sitini na mmoja! Sitini na mmoja, dada, na darasa letu lina watu hamsini na nane. Nilimshukuru Mungu palepale nyuma ya maktaba. Nikasema kumbe walikuwa wanamwogopa Patricia tu, mioyoni wako upande wangu.

Saa nane nikakuta foleni mbele ya bweni. Wanaume kwa wanawake. Wakauliza soda iko wapi. Soda gani? Soda ya mkutano, wakasema, na nauli. Si tulisaini? Hakuna hata mmoja aliyesoma maneno ya juu. Walidhani ni karatasi ya mahudhurio ya semina. Nikawaambia hakuna soda. Wakaanza kufuta majina yao, wengine kwa mate.

Ladu peke yake hakufuta. Ni kijana wa Sudan Kusini, anatoka kambi ya Omugo, mpole sana. Nikamwuliza kama yeye aliamini. Akasema yeye alisaini mara nne: jina lake, la mama yake na ya wadogo zake wawili. "Mwalimu, kwetu ukiona karatasi unasaini kwanza, kuuliza ni baadaye. Majina ya kupewa chakula siku hizi wanayapunguza." Nilimpa nusu ya mkate wangu.

Kwa hiyo wafuasi wangu ni wanne, na watatu kati yao wako Omugo, hawajawahi kuniona.

Alhamisi, 19 Juni.

Asali yako imefika kwa teksi, chupa haikuvunjika. Mungu akubariki. Nimeiangalia, nikapata wazo. Mgeni hapokelewi mikono mitupu. Nitampa Madam Nora kesho.

Na kampeni yangu je? Nimefikiri vizuri. Wasichana wa chuo wameshaharibika. Watoto bado! Kwenye shule ya mazoezi nimepewa darasa la pili, watoto themanini na tisa. Leo, badala ya kurudia hesabu ya kutoa, nimewafundisha kumpokea mgeni. Wote magoti chini, mikono mapajani, kimya, na mtu asiinuke mpaka mgeni aitikie salamu. Tulirudia mara sita. Dada, ungeona! Hata yule mtoto anayeuma wenzake alitulia.

Patricia alinikuta nikikusanya vizibo vya soda vya kuhesabia. Akaniuliza kama andalio langu la somo limekamilika. Nikamwambia ashughulike na lake. Akasema, "Mama, kesho fundisha tu. Tafadhali. Kesho usionyeshe mfano." Wivu huo.

Ijumaa, 20 Juni.

Ee Mungu wangu.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mawe nyuma ya bafu, maana bweni siwezi kuingia.

Madam Nora alifika saa tatu kwa boda, amekaa kama mwanaume, mguu huku na mguu huku. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikatoka mpaka uwanjani, nikapiga magoti yote mawili matopeni mbele ya dereva wa boda na walimu wa shule, nikamnyooshea asali kwa mikono miwili. Akasema, "Mwalimu, inuka, inuka!" Nikamwambia apokee kwanza. Akapokea haraka ili niinuke. Walimu wote walikuwa madirishani.

Tukaingia darasani. Watoto themanini na tisa, kwa pamoja, puu! Chini. Wakasalimu kwa sauti moja. Nami nikashuka pamoja nao, kuwa mfano.

Sasa sikia. Madam Nora alitutazama. Halafu akainamisha kichwa, akafumba macho, akakunja mikono. Akanyamaza. Mimi nikafurahi rohoni: huyu msichana, pamoja na suruali yake, anatuombea! Mtu anayesali hakatizwi. Nikafumba macho pia. Yeye naye, kumbe, alidhani darasa liko kwenye sala ya asubuhi, akawa anangoja mimi niseme amina.

Dakika tisa, dada Night!

Mwalimu mkuu wa hiyo shule ya mazoezi alipita mlangoni, akavua kofia, akainamisha kichwa naye. Mtoto mmoja alilala, akaanguka ubavu, hakuna aliyecheka. Mwisho nilifungua jicho moja na Madam Nora alikuwa amefungua jicho moja. Tukatazamana hivyo.

Somo la hesabu liliisha kabla vizibo havijagawiwa vyote. Akaandika kwenye faili. Nilisoma nikiwa nimesimama nyuma yake: Muda wa somo umepotea. Mwanafunzi alimwangukia mkufunzi mbele ya watu na kumpa zawadi kabla ya kupimwa. Suala lipelekwe kwa kamati ya nidhamu.

Kumwangukia! Amedhani naomba alama. Mimi! Mwanachama wa Umoja wa Akina Mama wa kanisa tangu nikiwa na miaka ishirini na tatu!

Jumapili, 22 Juni.

Jana sikuandika. Sikula pia.

Leo kanisani magoti yamevimba kama viazi. Padri aliposema tupige magoti nilijaribu, nikashindwa. Nilibaki nimekaa kanisa zima likiwa chini. Na nani alikuwa karibu nami, amepiga magoti amenyooka kama mshumaa? Patricia. Akanigeukia akanitazama. Afadhali angenicheka.

Nimefikiri habari za Sebit. Nafasi yangu ikienda nitafanya nini? Kulima nalima, lakini mimi ni mwalimu. Nikipita njiani Lurujo watu wazima wananiita mwalimu. Wataniita nani?

Jumatatu, 23 Juni.

Kamati. Mkuu wa chuo, wakufunzi wawili, Madam Nora pembeni. Chupa ya asali iko katikati ya meza kama mshtakiwa mwenzangu. Wakaniuliza kama ni kweli nilipiga magoti. Nikasema kweli. Kama nilitoa asali. Kweli. Nilikuwa natafuta nini? Nikasema sikuwa natafuta kitu, ni heshima. Mkuu wa chuo akasema siku hizi hata wenye kutaka ubunge wanasema ni heshima.

Wakamwita kiongozi wa darasa atoe ushahidi. Patricia! Nikajua nimekwisha. Nikaanza kufikiri nitafunga godoro kwa kamba gani.

Akasimama na suruali yake. Akasema, "Mkuu, huyu mama anapigia magoti kila mtu. Amempigia mpishi. Amempigia mlinzi wa lango, akarudi akampigia mlinzi wa zamu ya jioni. Juzi alimpigia fundi aliyekuja kutengeneza tangi la maji, na fundi ni mdogo kuliko mimi, ana ndevu tu. Sasa kama ni kuomba alama, mpishi ana alama gani ya kumpa? Ametuchosha, ni kweli. Amenichosha mimi kuliko wote. Lakini mwizi wa alama si yeye."

Ladu naye aliingia akasema amekuja kwa niaba ya watu wanne. Walimwuliza watatu wako wapi.

Madam Nora akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao Ajia bibi yake pia alisalimu hivyo, ila yeye hakuwahi kupigiwa magoti, na hakujua aweke wapi uso wake. Nilimwonea huruma. Hawakumfundisha.

Uamuzi kesho.

Jumanne, 24 Juni.

Nilikaribia kuokoka, dada. Nataka ujue hilo kwanza.

Saa nne waliniita. Mkuu wa chuo akasema kamati imeamini. Nitafundisha tena Ijumaa, tarehe ishirini na saba, siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikifaulu, barua inakwenda kwa Sebit siku hiyohiyo. Sharti moja tu: nisaini karatasi kwamba sitapiga magoti mbele ya mtumishi yeyote wa chuo hiki. Nikaisoma yote, maneno ya juu na ya chini. Nikasaini. Akatia mhuri, akanipa mkono, akasema, "Haya, mwalimu, nenda kajiandae."

Dada, furaha ilinijaa mpaka hapa. Mtu amekurudishia kazi yako, na ni mkubwa wako, na amekupa mkono. Ungefanya nini? Nilikuwa chini kabla sijajua. Magoti mawili, kwenye simenti. Nikamshukuru yeye, nikageuka nikamshukuru kila mjumbe, mmojammoja. Patricia alikuwa mlangoni pamoja na Ladu, akasema, "Mama, hapana! Mama, wino haujakauka!" Na kuinuka nikashindwa, kwa sababu ya uvimbe. Yeye na Ladu waliniinua kwa makwapa.

Mkuu wa chuo akachukua ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akasema nitafundisha Agosti.

Agosti! Sebit mwisho wake ni Jumatatu ijayo.

Nimelia, nimemaliza. Patricia alikaa kitandani kwangu akaniletea maji ya chumvi ya kukanda magoti. Akasema nimpigie Sebit simu, nizungumze naye kama mtu mzima, nimweleze mambo yalivyokuwa, aongeze miezi miwili. Ni mtoto mwema huyu, lakini hajui maisha. Jambo zito kama hili litasemwaje kwenye simu, mtu umesimama?

Nimepanga hivi. Jumamosi alfajiri napanda teksi mpaka Koboko, kutoka hapo boda mpaka kwa Sebit. Simwambii kwamba nakuja. Nitaanzia langoni. Nitakwenda kwa magoti kutoka langoni mpaka mlangoni, mke wake na majirani wakiona, na sitainuka mpaka aseme nafasi ni yangu. Sebit si mtu wa chuo, ni mtu wa kwetu. Ataelewa.

Daftari halijajaa, lakini nalituma leo. Niambie mambo mawili tu: je, Jumamosi asubuhi Sebit atakuwa nyumbani, na uwanja wake una changarawe au ni udongo mtupu? Nijibu upesi, dada. Mpe dereva yuleyule wa teksi.

Mdogo wako,
Jovia