Kura Nilizozihesabu kwa Kinyozi

Jumatatu, 4 Mei
Mhariri kaenda kung'oa jino. Redio nzima mikononi mwangu! Uchaguzi wa diwani ni Alhamisi. Shemeji, dada wa mke wangu, anagombea. Ameahidi kuliezeka soko. Mpinzani wake, Bwana Ghala, anataka soko livunjwe aegeshe malori yake. Mke wangu anauza vitambaa pale, chini ya turubai linalovuja. Lazima nisaidie. Kimya kimya, bila shaka.

Jumanne, 5 Mei
Nimefanya utafiti wa maoni. Kwa kinyozi. Tulikuwa mimi, kinyozi, mteja mwenye povu usoni na mwingine aliyesinzia. Aliyesinzia aliinamisha kichwa; nikaandika ndiyo. Saa saba nikasoma kwa sauti nzito kwamba Shemeji anaongoza kwa mbali. Mhariri akapiga simu, anaongea kwa shavu moja, akauliza nimehoji watu wangapi. Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumatano, 6 Mei
Mji mzima unarudia maneno yangu! Muuza mkaa kaniita mtaalamu. Shemeji tu ndiye kanuna. Eti anataka watu wakapige kura, si wampongeze kabla. Hana shukrani. Jioni nikaongeza chumvi: ushindi uko mfukoni.

Alhamisi, 7 Mei
Siku ya kura. Wafanyakazi wa Bwana Ghala walifika kituoni alfajiri, malori yamejaa. Sokoni watu wanauza tu. Nikawauliza mbona hawaendi. Wakacheka, redio si imeshasema tumeshinda? Mimi pia sikwenda. Nilikuwa natunga salamu za pongezi.

Ijumaa, 8 Mei
Shemeji kashindwa kwa kura moja. Moja! Nani huyo mvivu? Ningemjua ningemtangaza jina. Mhariri karudi, kanilazimisha kusoma masahihisho. Nikasoma mbio mbio, muziki juu. Nyumbani mke wangu alikuwa anakunja vitambaa, macho mekundu. Akasema, "Redio ni ya watu wote, wewe umeifanya mdomo wako." Kisha akahamia kwa dada yake. Nimeumia, sifichi.

Jumamosi, 9 Mei
Nyumba kimya, chai nimeiunguza. Nimetafakari sana. Habari njema: jino la Mhariri limeacha kipande, karudi kwa daktari. Saa saba natangaza utafiti mpya: mke wa mtangazaji wenu amemsamehe, anarudi leo jioni. Kinyozi nimeshamhoji. Anaafiki kabisa.