Nimekataa Mke Ambaye Sikupewa

Jamani, leo uso wangu nimeuacha mlimani. Nimerudi Isiolo bila uso. Nawaandikia kutoka chumba cha wageni nyumbani kwa abti, mjomba wangu, na sitoki humu mpaka watu wote walale.

Nianze mwanzo. Mnajua tangu nihitimu chuo sijapata kazi, niko tu Garissa naangaliana na feni. Juzi hooyo, mama yangu, akaniambia, "Abti yako Bare anakuita Isiolo. Atakupeleka matembezi mlimani, kuna maporomoko ya maji. Njia ni fupi, rahisi. Piga shati pasi."

Shati la pasi? Kwenda msituni?

Halafu hayo matembezi yenyewe. Sisi watu wa Garissa hatuendi mtoni kutembea. Ukionekana kando ya Tana huna mtungi wala mbuzi, watu watakuuliza unatafuta nini, na mamba pia atakuuliza. Sasa abti, mtu wa kuuza ng'ombe, tangu lini anapenda maporomoko? Nilikosa usingizi safari nzima.

Asubuhi gari limekuja. Ndani yupo Mzee Dahir, rafiki wa abti, kofia safi, manukato ya kutosha msikiti mzima. Pembeni yake binti yake, Hodan. Mrembo, mtulivu, macho ya mtu anayekagua mbuzi kabla ya kununua.

Nikaelewa yote. Shati. Binti. Mzee mwenye manukato. Naozwa!

(Mimi kujilisha mwenyewe kunanishinda. Nimwoe mtu nimlishe feni?)

Gari liliendeshwa na jamaa mmoja anaitwa Guyo, Mborana, mpole sana. Kwa sababu yake sote tuliacha Kisomali, tukazungumza Kiswahili. Niliona ajabu kidogo, familia nzima kubadilisha lugha kwa ajili ya dereva. (Hapo ndipo ningepaswa kushuku. Hapo sikushuku.)

Tukafika, tukaanza kufuata mto. Abti alisema maporomoko yako "hapo tu." Nyote mnajua "hapo tu" ya mfugaji: unaondoka kijana, unafika na ndevu. Lakini njia kweli ilikuwa fupi, tambarare, kivuli tupu, maji ya baridi yanapita kando yetu bila hata mtu mmoja kuyauza. Nikazidi kuogopa. Kitu kizuri hivi lazima kina bei.

Mzee Dahir akanisogelea. "Waryaa, wewe ni mtoto wa nani? Hebu nihesabie babu zako."

Naam! Kwetu mtoto hufundishwa kuhesabu babu zake kabla ya kuhesabu mbuzi, na mchumba huanza kupimwa hapo hapo. Nikapata wazo. Mtu asiyejua babu zake, nani atampa binti?

Nikaanza vizuri. Baba, babu, babu wa babu. Halafu nikachomeka jina la mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi.

Mzee akasimama. "Huyo simjui."

"Hata mimi, adeer."

Abti Bare akakohoa kama injini ya lori. Akanivuta shati (la pasi). "Umelogwa? Huyu mzee na babu yako waliswaga ngamia pamoja mpaka Liboi!"

Kisha Hodan akaja na maswali yake. "Unaamka mapema?"

"Adhuhuri."

"Unaweza kuishi Hadado?"

"Jua la Wajir linanipa vipele."

"Mtu unayemheshimu akikuletea kitu kibaya, utamwambia?"

Nikajua hapo anazungumzia upishi wa mama yake. "Nitanyamaza tu, dada."

Akageuka, akatangulia. Nikajisifu moyoni. Hata nikabaki nyuma na Guyo, aliyebeba chupa ya chai, nikamnong'oneza, "Ndugu yangu, huyu binti ana macho ya polisi wa kizuizi cha barabarani. Atakayemwoa ataishi na kitambulisho mkononi."

Guyo akatabasamu tu. "Ndiyo," akasema. "Mtu huzoea."

Tukafika. Jamani, maji yanaanguka! Mngurumo mpaka kifuani. Kulikuwa na kundi la walimu wamekuja matembezi, wanakula mandazi juu ya mawe. Hodan akanipungia mkono nimfuate. Akasema kitu, sikusikia. Akaniongoza nyuma ya jabali moja kubwa. Nikaona uso wake umekuwa wa mtu mwenye jambo zito, nikasema sasa anatamka habari ya ndoa, lazima nimtangulie. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti kuyashinda maji:

"DADA HODAN! WEWE NI MTU MZURI! LAKINI SIKUTAKI! SIKO TAYARI KUOA!"

Nyuma ya lile jabali, ndugu zangu, kelele ya maji haifiki.

Ilifika yangu tu. Ikagonga mwamba, ikarudi, ikasema tena. Mwalimu mmoja akaangusha andazi.

Guyo, aliyekuwa ametufuata, akaweka chupa ya chai chini taratibu. "Na mimi mumewe," akaniuliza, "unanishauri nimwache?"

Wallahi niliutazama mto nikatamani mamba.

Hodan alicheka mpaka akakaa chini. "Aboowe, kaka yangu, tunakusanya maziwa ya ngamia Hadado. Watu wanayatia maji. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kuyapokea na kuyapima. Abti yako alisema wewe una akili."

Kazi. Ilikuwa KAZI. Nami nimewaambia naamka adhuhuri na kitu kibaya nitakinyamazia! Nikajitetea haraka: yale matembezi, lile shati la pasi, nani asingeshuku?

Abti alikuwa ameshafunika uso kwa kilemba. Lakini Mzee Dahir alikuwa ananitazama, mabega yanatikisika. "Mwacheni," akasema. "Kijana anayeshuku hata matembezi na shati lake mwenyewe, ataruhusu maziwa yenye maji yampite?"

Hodan akamtazama Guyo. Guyo akainua mabega. "Naye atakuwa macho yetu ya polisi," akasema.

Nimepewa kazi kwa majaribio. Sharti la mzee lilikuwa moja: nihesabu babu zangu upya, pale pale, kwa sauti ile ile niliyokatalia mke. Nikahesabu. Walimu wakapiga makofi. Mwalimu wa hesabu nikamtoa.

Nikampigia hooyo simu, nikamlaumu: kwa nini hukuniambia ni kazi? Mimi nimedhani mnaniozesha!

"Astaghfirullah, kichwa chako hicho!" akasema hooyo. "Tukuozeshe huna kazi? Tulikuwa tunasubiri uipate kwanza. Hilo shati usilikunje, Ijumaa tuna wageni."

Msinicheke. Nilishuku jambo la kweli, nilikosea siku tu.