Uzinduzi wa Kituo cha Kurejesha Lafudhi, Mkuyuni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, viongozi wa dini mliokwisha omba na mtakaoomba, wazee wangu wa milimani shikamooni, kina mama mlioacha ndizi zenu sokoni, wadau wa maendeleo, na Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe: itifaki imezingatiwa, na kama haijazingatiwa, naizingatia sasa hivi! (Makofi.)

Ndugu wananchi, upembuzi yakinifu nilioufanya na dereva wangu Rogers, tukiwa tumeshusha vioo vya gari kutoka Mlali hadi hapa, umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wananchi wana lafudhi, na kwamba mtu akihama, nayo inahama. Mpeleke Mluguru Mwanza, anarudi na sauti nzito ya Kanda ya Ziwa, na mlete mhadhiri wa Kichaga Morogoro mjini, miezi sita tu anavuta maneno kama kazaliwa Mgeta. Mimi mwenyewe nilikwenda semina Tanga siku tatu, niliporudi nikapiga hodi, mke wangu akauliza dirishani, "Wewe nani mwenzetu?" (Vicheko.)

Ndiyo maana, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana mkoa mzima, nimebuni Kituo hiki kitakachotoa Cheti cha Lafudhi Asilia, na mnufaika wa kwanza ni Bi Raya, huyu hapa mbele, aliyekaa Mwanza miaka ishirini na mbili akarudi kulima shamba la ukoo wa mama yake, lakini mjomba wake, Mzee Ahmadi, ambaye ndiye mgawaji wa ardhi ya ukoo, akamsikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Sauti hii si ya kwetu, ardhi simpi mgeni." Mvua ziko mlangoni, Bi Raya hana pa kuchimbia hata shimo la mgomba, anasubiri cheti. Je, tumpe? ("Mpeee!") Tutampa, kupitia mchakato shirikishi wa awamu tisa utakaokamilika mwaka wa kesho kutwa!

(Bi Raya anasimama: "Mheshimiwa, mvua zitakusubiri wewe? Toka Januari njoo kesho, njoo kesho! Wanangu wale vyeti? Haki ya Mungu, nikipanda hapo jukwaani tutaelewana!" Mzee Ahmadi anacheka mpaka kofia inadondoka: "Basi, mpwa wangu, basi! Ukifoka hivyo, ni dada yangu mtupu. Kesho asubuhi njoo nikuoneshe mpaka wa shamba lako." Vigelegele.)

Mmeona? Huo ndio uongozi wa kimkakati, kumkasirisha mwananchi mpaka lafudhi irudi yenyewe! Mnufaika mmoja kati ya mmoja, asilimia mia, waandishi andikeni! Lafudhi oyee! (Oyee!) Sauti za nyumbani juu! (Juu!) Ucheleweshaji? (Watu wanamtazama yeye.)

Haya, shukrani. Namshukuru Bwana Dominiko kwa kutuazima ghala lake, naambiwa saa nane ndizi zake zinaingia, tutoke. Na kipekee nakushukuru wewe, Bi Raya, kwa hasira zako, maana Kituo hakina mtumishi, hakina karatasi, hakijawahi kuwepo hata siku moja, tulichoidhinishiwa ni uzinduzi tu, na mpaka uliposimama kufoka, mama, wallahi nilikuwa sijui nitakupa nini. Nenda kalime.