Kitalu Chenye Mikwaju Ishirini na Minne

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Ugawaji wa Anwani za Intaneti,
Ghorofa ya tano, jengo lenye lifti isiyopanda.

KUHUSU: KITALU CHA MAREHEMU MUME WANGU, PAMOJA NA MIKWAJU YAKE

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi kwa mwandiko. Mkono huu umeshika chaki miaka thelathini na moja, na leo unaikandamiza kalamu kwa hasira. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na ni mjane wa fundi mitambo ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Waya, maana hakuna ukuta wa jirani aliouacha bila kuutoboa. Ndiye aliyewaunganishia majirani intaneti kutoka sebuleni kwetu, kwa boksi jeusi lenye taa za kijani ambalo mpaka asubuhi ya leo lilikaa juu ya kabati la vyombo. Mimi nilichokuwa nikilijulia ni vumbi tu, nililolipangusa kila Jumamosi.

Wiki tatu zilizopita ilifika barua yenu kwa jina lake. Ilisema kwamba anamiliki “kitalu mkwaju 24, chenye anwani 256”, na kwamba taarifa za matumizi yake zisipohuishwa ndani ya siku thelathini, kitarudishwa kwenye hazina yenu. Mheshimiwa, nilitafuta kiti. Miaka arobaini ya ndoa, na mwanamume huyo hakuwahi hata kunidokeza kwamba ana kiwanja! Nilishika kalamu nyekundu nikasahihisha “mkwaju 24” ikawa “mikwaju 24”, nikiamini karani wenu alikuwa mtoro wa vipindi vya ngeli. Jioni ile ile, nikiwa jikoni kama ilivyo kawaida yetu, nikamweleza binti yangu kwenye kioo cha simu. Ni wangu wa pekee, na kazi imemweka nchi ya mbali mwaka wa saba huu. Nikamwambia arudi, baba yake kamwachia ardhi yenye kivuli, aje ajenge. Alilia, nikalia, wali ukaungua. Kwa hiyo uelewe, Mheshimiwa, kwamba anayekuandikia si mtu wa mchezo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mikwaju haionekani. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ni dalali wa viwanja, na amezunguka siku nne akiitafuta. Aliipata kumi na mmoja nyuma ya shule niliyokuwa nikifundisha, akanipigia simu akisema hiyo ndiyo yetu, na ile kumi na mitatu iliyosalia bila shaka bado haijaota. Alikuwa ameshaanza kupima kwa kamba pale mkuu wa shule alipomtoa mbio, kengele mkononi. Mtu wa miaka hamsini na nane, Mheshimiwa, akikimbizwa na kengele mbele ya darasa la tatu.

2. Nilipofika ofisini kwenu kwa miguu yangu, ngazi zote tano, bibie mwenye miwani wa dirisha namba tatu alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Namshukuru. Kisha aliingia chumba cha nyuma, na huko alicheka, nikamsikia vizuri sana. Aliporudi alinieleza kwa upole kwamba mkwaju ni kile kijistari kinachoinama kabla ya 24, wala hakizai kitu. Akamalizia, “Mwalimu, hiki si kiwanja. Ni namba tu.” Namba tu! Mimi nimelea watoto wa watu kwa namba. Nimevunja rula tatu kwa ajili ya namba. Maneno hayo naomba ayafute kwa maandishi.

3. Feni ya dirisha namba tatu haizunguki. Hili halihusiani na kitalu, ila nililiona.

4. Kama si kiwanja, mbona mmekijaza nyumba? Nimepekua makaratasi ya marehemu. Kuna kitalu, kuna anwani, kuna lango, kuna ukuta wa moto, kuna mwenyeji, na ukurasa wa tisa kuna bandari. Mtu akishakuwa na lango, ukuta na mwenyeji, kilichobaki ni kufuga mbwa. Hamwezi kumjengea mjane mji mzima kwa maneno, kisha akija kuuliza njia mkamwambia hakuna kitu.

5. Mbili zimeliwa na nani? Barua yenu inasema anwani 256. Bibie anasema vifaa vinavyoweza kupewa ni 254, kwa sababu ya kwanza ni jina la kitalu chenyewe na ya mwisho ni ya kuwaita wote kwa pamoja. Nimetoa na kujumlisha mbele yake, nikarudia nyumbani kwa njiti za kiberiti. Mwanafunzi angeniletea hesabu ya namna hiyo, angeirudia mara hamsini, na mzazi ningemwita.

6. Nimeambiwa kwamba namba zimekwisha. Naomba usome sentensi hiyo tena, Mheshimiwa, polepole, kama nilivyoisikia mimi. Namba. Zimekwisha. Bibie anasema anwani za aina hii ya zamani zimegawiwa dunia nzima mpaka zimebaki za kuokoteza, ndiyo maana mnazifuatilia zilizolala. Nilicheka mpaka bawabu akaja kunitazama. Nilipouliza kisa, nikaambiwa kila sehemu ya anwani inaishia 255, haivuki hapo. Kumbe ni jambo dogo hivyo! Naambatanisha namba mpya, kuanzia 256 mpaka 900, nilizoziandika kwa mkono kwa siku mbili, hakuna iliyorudiwa wala kufutwafutwa. Wagawieni wenye shida. Sihitaji cheti.

7. Kisha, eti, kuna anwani za aina mpya, nyingi kiasi kwamba kila chembe ya mchanga wa uani kwangu ingepata ya kwake na zingine zikabaki. Yaani mnazo namba za mchanga wote huo, halafu mnamwandikia mjane barua ya vitisho kwa ajili ya mia mbili hamsini na sita? Nikauliza kwa nini basi watu wasihamie huko. Bibie alipumua, akasema vifaa vingi vya zamani havizitambui, na watu ni wazito kuhama. Wazito kuhama! Mnaona wenyewe sasa. Mtu hahami kutoka kwenye namba, anahama kutoka kwenye nyumba. Rejea lalamiko la nne.

8. Kwa hiyo ninachoomba ni haki tupu: tubadilishane. Mimi narudisha namba zenu zote, hata zile mbili zilizoliwa, nanyi mnipe ardhi yenye mikwaju ishirini na minne, hata kama bado ni miche, ili binti yangu arudi nyumbani awe na mahali pa kujenga. Kama ardhi ni adimu nayo, nitaridhika na bustani iliyo mbele ya jengo lenu. Nimeshahesabu pale mti mmoja, hivyo mna deni la ishirini na mitatu tu. Na ili mjue sibahatishi, leo asubuhi shemeji amelishusha lile boksi jeusi, amelichomoa nyaya zote na kulifunga kwa kitambaa changu cha meza. Linakuja pamoja na barua hii.

Nimalizie kwa kukutakia afya njema wewe, familia yako, na yeyote atakayekupandishia barua hii ngazi tano. Nisalimie bawabu, nisalimie karani aliyeandika mkwaju kwa umoja, na bibie wa dirisha namba tatu mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi mwenye kitalu, anayeusubiri uamuzi wako akiwa amevaa viatu,

Mwalimu Mstaafu, Mjane wa Bwana Waya

N.B. Nimeifungua bahasha kwa mvuke wa birika ili niongeze haya. Mchana kutwa mlangoni kwangu pamekuwa kama kituo cha kupigia kura: mwenye duka la dawa hawezi kutuma maagizo, fundi cherehani hapati vipimo vya wateja wake, na wote wananiuliza boksi lina nini. Nikawaambia limesafiri. Ilipofika saa kumi na mbili jioni niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikaanza kukata vitunguu na kuongea, kama ninavyofanya kila siku kwa miaka saba. Kioo kikabaki cheusi. Baadaye binti akapiga simu ya kawaida. Alisema, “Mama, sikuoni.” Mheshimiwa, nililia, na safari hii vitunguu havikuhusika.

Nimefungua kitambaa. Chini ya boksi marehemu alibandika karatasi ya mkono wake, orodha ya nani amepewa anwani ipi: ya pili duka la dawa, ya tatu fundi cherehani, na kuendelea. Ya kumi na saba kaandika: “Jikoni. Hii ni ya mtoto, asipewe mtu.”

Kumbe alikuwa na kiwanja, na binti amekuwa akirudi nyumbani kila jioni. Kwa hiyo futa malalamiko yote isipokuwa feni. Bustani yenu bakini nayo, na zile namba mpya pia. Boksi haliji, shemeji amelirudisha kabatini na taa zinawaka. Kalamu nyekundu naifuta: ni mkwaju, kwa umoja, karani alikuwa sahihi. Na taarifa mlizotaka ni hizi. Mmiliki: mimi. Kitalu kinatumika: ndiyo, saa kumi na mbili jioni, jikoni.